Injini ya Mto Mkavu

Ukimwambia mtu wa Isiolo kwamba unatafuta injini ya boti, kwanza atatazama juu kama kuna wingu, kisha atakutazama wewe. Mwaka ule nilizoea kutazamwa hivyo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Wabera kungoja kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunijia. Abuya wangu, yaani ndugu wa mama, hakupenda kuona mtu aliyesoma akikaa bure. Akanipa swali la kunishughulisha: boti letu tulifunge injini gani?

Boti lenyewe lilikuwepo tayari. Jamaa zetu wa mjini walikuwa wamechanga, na fundi mmoja Mmeru, mchomeleaji wa milango na mageti, akalitengeneza kwa mabati mazito ingawa boti alikuwa ameliona kwenye simu tu. Lilikaa uani kwake kati ya geti la msikiti na tenki la maji, likijaa vumbi. Watu waliokuja kuchukua madirisha yao waliuliza kama anajiandaa kwa gharika ya Nuhu.

Boti lilikuwa la kwenda kwenye mto wa Ewaso Nyiro, upande wa Biliqo. Kwa muda mrefu wa mwaka mto ule ni mchanga na kijito, unavuka ukiwa umeshika viatu mkononi. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji huja chini ya anga safi, mekundu, yakibeba miti mizima, na aliye ng'ambo hubaki ng'ambo. Dada yangu mkubwa ameolewa ng'ambo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa ukingoni chini ya turubai, mto umefurika, hospitali ikiwa upande huu. Mtoto alitoka salama. Dada alivuja damu hadi wanawake waliokuwa naye wakaanza kumsomea dua, na alivushwa maji yalipopungua, akiwa hajitambui. Sasa alikuwa mjamzito tena, na hesabu za akina mama zilisema atajifungua katikati ya ganna, mvua ndefu. Kwa hiyo kila tulipozungumza juu ya injini tulikuwa tunazungumza juu yake, hata kama hakuna aliyemtaja.

Fundi alikuwa na swali moja tu, na aliniuliza kila nilipopita.

"Habari, msomi. Nitoboe au nisitoboe?"

Injini ya dizeli hukaa ndani ya boti, chini ya mbao za sakafu. Kutoka kwake hutokea chuma kirefu, shafti, kinachopita kwenye tundu chini ya boti na kuzungusha pangaboi ndani ya maji. Lazima utoboe. Injini ya petroli ya nje huning'inia nyuma ya boti kwa vibano viwili, pangaboi lake likiwa mguuni mwake, na boti halitobolewi. Ukishatoboa chuma huwezi kujifanya hukutoboa. Fundi alilijua hilo na ndiyo maana hakutaka kuamua yeye.

Abuya alikuwa upande wa dizeli bila wasiwasi wowote. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa kisima cha kuchimbwa, na injini ya kisima kile aliijua kwa sauti, kama anavyojua ng'ombe wake gizani. Dizeli, alisema, ina subira. Haishiki moto ovyo, malori huileta, na kila kijiji chenye kisima kina mtu wa kuitengeneza. Petroli ni ya vijana wa boda. Inauzwa kwenye chupa kando ya barabara na hujui imechanganywa na nini. Zaidi ya hayo, ile injini ya dizeli ingeweza kutolewa wakati wa kiangazi ikazungusha kinu cha posho. Boti nusu mwaka, kinu nusu mwaka. Niliona hoja ile ni nzuri, na kwa sababu ilikuwa nzuri nikaanza kuishuku.

Nilimuuliza ni nani atakayeitoa na kuirudisha kila mwaka, kwa maana nilikuwa nimesoma kwamba shafti ikikaa upande kidogo tu hula tundu lake na maji huingia. Akasema Mungu hakunyima watu mikono. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kufanya hivyo. Akaniuliza kama chuo kikuu walinifundisha jambo lolote lingine mbali na kuuliza.

Upande wa pili sikuridhika pia. Nilimpigia rafiki yangu wa chuo ambaye kwao ni kando ya Ziwa Victoria. Akasema kwao karibu kila boti lina injini ya nje. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu kila mtu anayo. Nikamwambia hiyo si sababu. Akacheka sana, akanikumbusha kwamba hata chuoni watu walinikimbia wakati wa chakula kwa sababu ya maswali yangu.

Mwishowe niliona tunabishana juu ya injini bila kuutazama mto. Tulikwenda Biliqo mimi na abuya, tukavuka mchanga kwa miguu kumchukua dada, kisha tukatembea naye pale boti litakapopita maji yakija. Sijawahi kufanya utafiti wa ajabu kama ule: kupima kina cha maji yasiyokuwepo. Abuya alisimama mahali akaweka kiganja kifuani, maana yake maji hufika hapa. Hatua chache mbele akagusa goti. Nikamuuliza inawezekanaje kifua na goti vikae karibu hivyo. Akaonyesha fungu la mchanga na kusema mwaka uliopita halikuwa hapo, lilikuwa kule, na mwaka ujao litakaa linapotaka. Kati ya mafungu yale vilisimama visiki vya miti iliyoletwa na maji, vimezikwa nusu. Mimi niliona shafti, imening'inia chini ya boti, haiwezi kujikunja wala kuinuliwa. Injini ya nje, ikigusa mchanga, unaiinua kama punda anavyoinua mguu.

Niliyasema hayo. Abuya alikipiga kisiki teke dogo. Dada naye alikuwa amesimama mbali kidogo, mkono kiunoni, akitazama mahali palipokuwa na turubai lile. Hakuna alama yoyote iliyobaki. Alirudi kwetu na kusema jua limekuwa kali.

Abuya alikubali jambo moja: tuione hiyo injini ya nje. Sisi hatununui ngamia kwa maneno. Ngamia hutembezwa, hupewa maji, hutazamwa anavyokunywa na anavyokojoa, ndipo watu hukaa chini kuzungumza. Mtu mmoja mjini alikuwa na injini iliyotumika, akaileta uani kwa fundi kwa mkokoteni. Dada alikuwa amekuja mjini kliniki, akaketi juu ya tairi kuukuu na chai yake. Injini ikafungwa nyuma ya boti, na abuya akaamuru ipigwe moto ili asikie sauti.

Nikasema isiwashwe kavu. Nilikuwa nimesoma kwamba mguuni mwake mna kijipangaboi cha mpira kinachovuta maji ya kuipoza, na bila maji mpira huungua mara moja. Walinitazama wote.

"Injini inakunywa petroli," abuya alisema. "Maji yakiingia kwenye injini, imekufa. Hata mtoto wa kisimani anajua."

Kisimani ilikuwa kweli. Injini yake ilisukuma maji maisha yake yote bila kuonja tone, kwa kuwa ilikuwa ya kupozwa kwa upepo. Mwenye injini naye hakuwa na uhakika. Alikuwa ameipata kwa mtu na hajawahi kuiwasha. Nilisisitiza mpaka fundi, kwa kuchoka tu, akatusaidia kulisogeza nyuma ya boti birika la kunyweshea mifugo alilokuwa amemtengenezea mteja. Tukalijaza maji ya tenki, mguu wa injini ukazama, kamba ikavutwa. Ikakohoa, ikanguruma, vumbi la ua wote likainuka. Kisha ubavuni mwake, kwenye kitundu kidogo, ukatoka mchirizi mwembamba wa maji, wenye nguvu, ukaanguka mbali.

Abuya aliinama, akauweka mkono kwenye mchirizi ule, akanusa vidole. "Inakojoa vizuri," alisema, na kwa mara ya kwanza niliona anaitazama injini ile kama kitu chenye uhai. Mnyama anayekojoa vizuri ana figo nzima. Alizunguka nyuma yake, akairudia tena, akaangalia rangi ya maji.

Ningeweza kunyamaza hapo, ushindi ulikuwa unakuja wenyewe. Lakini maji ya tenki si maji ya Ewaso Nyiro. Nilichota udongo mwekundu kwenye karai, nikaumwaga ndani ya birika na kuukoroga kwa fito. Mwenye injini alilalamika. Mchirizi ukawa mwekundu, ukapungua, ukawa matone, ukakatika. Tukaizima haraka.

"Umeona?" abuya aliniambia, na sikujua kama amefurahi au amehuzunika. "Ni ya maji ya wazungu."

Fundi alichukua waya mwembamba wa kuchomelea, akauingiza kwenye kitundu, akauzungusha. Donge la tope likatoka. Wakaiwasha tena, ikakojoa. Nikasema dizeli ya boti nayo huvuta maji ya mto kuipoza, kwa hiyo tope lingeiziba vilevile. Nilikuwa naanza kueleza chujio lake linakaa wapi wakati dada alipoweka kikombe chini.

"Hiyo ya dizeli ikiziba katikati ya mto," alisema, "waya mtaingizia wapi?"

Abuya akasema chini, kwenye chujio, chini ya mbao za sakafu.

"Na juu ya hizo mbao atakuwa amelala nani?"

Redio ya jirani ilikuwa inasoma bei za mbuzi. Abuya alitazama boti, mahali ambapo mwanamke angelazwa, kisha akautazama waya mkononi mwa fundi, akaomba apewe. Akaukunja na kuutia mfukoni mwa shati.

"Usitoboe," alimwambia fundi.

Hakukosa sharti. Injini ya petroli ikilala kiangazi kizima, mafuta huganda kwenye kabureta, hilo alilijua kwa pikipiki za vijana. Kwa hiyo kila kiangazi ingetolewa kwa dabare, jinsi sisi tunavyomkopesha ndugu ng'ombe wa maziwa: yeye anamkamua na kumtunza, lakini ng'ombe ni wako na siku ukimhitaji anarudi. Alikuwa na mkwe Garbatulla mwenye rafiki anayevua samaki mbali huko kwenye ziwa. Nilitaka kuuliza maswali mengi juu ya mpango huo. Niliyaacha.

Ganna ilikuja na dada akashikwa na uchungu mto ukiwa umejaa, kama ilivyohesabiwa. Boti lilikuwa limeshafika mtoni; tulimfuata ng'ambo, na abuya mwenyewe aliishika injini. Mimi nilikaa mbele na mti mrefu wa kusukumia magogo, nikiwa na hofu kuliko nilivyowahi kuwa. Katikati ya maji mchirizi ulikatika. Abuya alizima, akaiinua, akatoa waya mfukoni, na muda wote huo mto ulitubeba kuelekea kusikojulikana huku dada akiushika mkono wa mumewe na kuyatazama mawingu. Kisha ikawaka. Tulifika upande huu mbali chini ya pale tulipokusudia, lakini tulifika, na mtoto, msichana, alizaliwa kitandani, hospitalini.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda kumwona dada. Nilikuwa nimesoma tena, nikagundua kuna dizeli ndogo za boti zinazopozwa kwa upepo, kama ile ya kisima, zisizohitaji tone la mto. Tope lisingezigusa. Nilimweleza kwamba huenda abuya alikuwa sahihi kwa sababu ambayo hata yeye hakuijua, na kwamba kwa kweli hatukulinganisha chochote, tulivuka tu kwa injini moja.

Dada alimhamisha mtoto bega hadi bega.

"Kwa hivyo unataka nibebe mimba nyingine nivuke na dizeli, ndiyo uamini?"

Nilifikiria kidogo kabla ya kusema hapana, na akaona kwamba nilifikiria.