Jibu la Waziri na Mahindi Yetu

Jibu moja la waziri lilitugharimu magunia thelathini na mawili ya mahindi. Niliyahesabu mara mbili.

Juzi nilimwona waziri mwingine kwenye runinga akijibu maswali bungeni, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani kwetu Rongai. Stoo ilinukia magunia ya katani na vumbi la maganda. Baba aliegemea mlango na redio sikioni, huku broka akimngoja uani na lori.

Mbunge aliuliza kama mahindi ya nchi jirani yataendelea kuingia. Waziri akasema mpaka utafungwa, na serikali itanunua ya wakulima wetu kwa bei nzuri. Wabunge wakapiga miguu sakafuni. Mimi nilidhani Bunge ni darasa, kwamba waziri akikosea anachapwa, na kishindo kile maana yake amepata.

"Mzee, hiyo ni redio," broka alisema. "Mimi niko na pesa hapa."

"Si umesikia waziri? Enda na lori yako."

"Baba Njeri, tuuze hata nusu," Mama alimsihi.

Baba alifunga stoo. Mpaka haukufungwa, serikali haikuja kununua, na dumuzi, wale wadudu wa ghalani, walikula hadi ukigusa gunia linamwaga unga. Siku hizi najua majibu yale hayasahihishwi na mtu.

Waziri wa juzi ameahidi vilevile. Nina magunia hamsini hapa Njoro, na broka mwenye bei ya kunyonga anataka jibu kesho. Nyinyi wenye mahindi, nishaurini: niuze, ama ningoje?