Kusimama Mbele ya Baba

Mara ya kwanza nilipoitwa kwenye usaili wa polisi, pale Kilosa, niliharibu kabla sijaulizwa swali. Niliingia, nikawaona watu wazima wameketi nyuma ya meza, magoti yangu yakaenda chini yenyewe. "Shikamooni." Kwetu Wasukuma msichana hamwamkii mkubwa akiwa amesimama kama nguzo, na kuhamia huku na ng'ombe hakukubadilisha hilo. Mmoja aliniambia ninyanyuke, kwamba hapo mtu husimama wima na kusema, "Jambo, afande." Hakuwa mkali. Lakini aibu ilishanishika, na maswali yote yaliyofuata niliyajibu nikiangalia sakafu. Sikuchaguliwa.

Wakati huo nilikuwa nafanya usafi kwenye gesti moja Mikumi. Nafasi zilipotangazwa tena, nikaapa goti halitaniangusha mara ya pili. Wageni wakishaondoka kwenda kuangalia tembo, naweka kiti dirishani na kukikabili: kifua mbele, mikono ubavuni, jambo, afande. Kiti hakiitikii. Jioni narudi kwenye chumba changu cha kupanga, nausalimia ukuta. Hata mama muuza mkaa wa jirani nikaanza kumwamkia nimesimama, naye akanuna, akaacha kunisemesha. Alikuwa ndiye mtu pekee niliyezungumza naye nikitoka kazini. Nilikuwa mpweke, sina haja ya kulipamba neno hilo.

Siku moja kabla ya usaili nilikwenda kulala nyumbani, kwa kuwa ni karibu na Kilosa. Baba alikuwa uani kwenye kigoda chake. Nikasimama mbele yake. "Shikamoo, baba." Nilishtuka baada ya kusema. Goti halikusogea hata kidogo.

Alinitazama miguuni.

"Magoti yanakuuma?"

"Hapana, baba." Nikamweleza yote, la usaili wa kwanza, la kiti, nikaanza kuinama ili nimwamkie upya. Akanizuia kwa mkono.

"Acha. Utajichanganya kesho."

Nilitamani anikemee. Angenikemea, ningepiga goti nikalia kidogo, yangeisha. Badala yake alinyanyuka, akajinyoosha, akabana mikono ubavuni. Baba aliwajua askari kwa kesi za ng'ombe walioingia mashambani, basi.

"Mimi ndiye mkubwa wao. Niamkie."

"Jambo, afande."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Rudia tena, macho juu."

Tulirudia mpaka ng'ombe wakaingia zizini, na kila mara aliitikia marahaba. Sikumsahihisha.

Kesho yake nilisimama wima, nikajibu nilichoulizwa, nikachaguliwa. Mafunzo nimeyamaliza, na kituo nilichopangiwa kiko mbali. Huko nyumba yangu iko katikati ya nyumba za wenzangu, lakini bado nakula peke yangu.

Nikienda likizo, baba huniona tangu njiani. Nikifika uani nakuta ameshaacha kigoda, amebana mikono, kidevu juu, ananisubiri. Anafurahi, naona. Safari nzima nakuwa nimepanga kumpigia goti, lakini namkuta amesimama namna ile. Basi nami nasimama.