Pingamizi la Mama Luka

Maharage yalikuwa hayajaiva, lakini Scolastika alikwisha kuuacha mwiko mara mbili kuchungulia simu. Saa saba na robo. Ofisi ya ardhi ingepokea barua mpaka saa tisa na nusu. Baada ya hapo siku thelathini za pingamizi zingekuwa zimekwisha.

Alikuwa msibani kwa Mwigulu, jirani waliyepakana naye kwa uzio wa minyaa. Barua ya kumpinga Mwigulu huyohuyo alikuwa ameifutika kwenye kitenge.

Alifika Katoro miaka ishirini na miwili iliyopita, akiwauzia wachimbaji maandazi. Akajenga vyumba vitatu, akafiwa na mume, akabaki. Mwaka jana wakazi walipokaa na maofisa kupanga eneo lao, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na daftari. Walikubaliana kitongoji kibaki cha nyumba za kuishi na vioski, minyaa ibaki mipakani, na makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yakae ng'ambo ya barabara kuu. Wakapiga makofi. Mwigulu alipiga kuliko wote. Miezi minane baadaye akaomba kubadili matumizi ya kiwanja chake, na tangazo likabandikwa ukutani kwake: makarasha mawili.

Majirani watano wa mpakani, yeye akiwamo, walikasirika, ila hakuna aliyetaka jina lake litangulie. Hapa jirani ndiye anayekuzika, ndugu wakiwa bado njiani. Ukimshitaki kwa maandishi, nani atachimba kaburi lako? Scolastika akapendekeza wasaini wote kwa pamoja, Jumatano ya wiki ya mwisho, asitangulie mtu. Alijiona amepata dawa. Jumanne mama yake Mwigulu akafariki.

Leo ilikuwa Ijumaa. Walizika jana, tanga lingeanuliwa kesho.

"Lusia," alimnong'oneza mwenzake aliyekuwa akichekecha unga. "Saini sasa hivi."

"Mayu! Na unga wa msiba mikononi?"

"Nawa."

"Nitanawa kesho tukianua tanga."

"Kesho tumeshachelewa."

Masudi, aliyekuwa akipasua kuni, akatikisa kichwa. "Mama Luka, wewe hata mbinguni utaingia na daftari."

"Na wewe utafika unakohoa vumbi la mawe. Njoo usaini."

"Jana nimemshusha mama yake kaburini kwa mikono hii. Leo niishikie kalamu?" Akarudi kwenye kuni zake.

Scolastika hakukaa. Alizunguka jiko, akapanga sahani zilizokwisha kupangwa, akatazama simu. Alipogeuka, Mwigulu alikuwa amesimama nyuma yake, macho mekundu, amekuja kuwashukuru wapishi. Karatasi ilikuwa imechungulia kitengeni.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hii, Mwigulu. Pole kwa msiba."

Akanyoosha mkono. Akaisoma yote polepole, akamrudishia.

"Mbona haina jina?"

"Wanakuonea huruma. Umefiwa."

"Nimefiwa, sijafa. Jumatatu fundi anakuja kupima sehemu ya injini." Akawageukia wengine. "Asanteni kwa chakula."

Lusia aliinamia ungo. Masudi alianza kupanga kuni. Scolastika akaiweka karatasi juu ya mfuniko wa sufuria, akaandika jina lake kwenye mstari wa kwanza, akasubiri. Mistari minne ikabaki mitupu. Akamkabidhi Lusia mwiko, akatoka kutafuta bodaboda.

Saa nane na dakika hamsini karani aliigeuza karatasi, akatafuta majina upande wa pili.

"Wenzako?"

"Wako msibani."

"Kwa nani?"

"Kwa huyo ninayempinga."

Karani akamtazama, kisha akagonga muhuri. "Jina moja linatosha kuitisha kikao. Ila utasimama wewe mwenyewe kueleza, na yeye akiwapo."

"Lini?"

"Mtaitwa."

Scolastika aliomba nakala, akakagua tarehe ya muhuri, akaikagua tena akiwa mlangoni. Bodaboda akauliza kama wanakwenda nyumbani.

"Nirudishe msibani," akasema. "Vyombo vyote vya jioni nitaviosha mimi."