Jumamosi Kagure Alipokuwa Tallinn

Watu wa kijijini kwetu Kianjokoma wakikwambia mdogo wangu Kagure alikuwa akila raha ng'ambo siku mama yake anazikwa, usibishane nao. Raha alikuwa anakula kweli. Mimi mwenyewe nilimwambia aende. Lakini hebu kaa hapo nikueleze, maana nimechoka kusikia jina la msichana wa watu likitafunwa kila mahali panapomiminwa chai.

Kwetu tulizaliwa watatu. Wa kwanza ni kaka yetu Nyamu, anayelima majani chai pale nyumbani na kutuamulia kila kitu tangu baba afe. Halafu mimi, Wanja, karani wa ofisi hapa Embu mjini, nakaa mtaa unaoitwa Dallas. Kagure ndiye kitinda mimba. Alikuwa na kichwa chepesi darasani, lakini moyo wake ulikuwa kwa mama kupita kiasi. Baba alipofariki, Kagure akiwa kidato cha tatu, alikataa katakata kurudi shule. Muhula mzima alilala kitanda kimoja na mama, asubuhi wanachuna majani pamoja, hasemi na mtu. Ikabidi arudie darasa. Basi alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Finland, mwaka wa 2010, mama alimwombea kitu kimoja tu: amalize.

Mama alianguka Jumatatu moja ya Aprili 2014, katikati ya majani, kikapu mgongoni. Presha. Tulimkimbiza hospitali, kufika hayupo. Jioni hiyo hiyo Nyamu akanivuta pembeni.

"Kagure asiambiwe," akasema. "Mtihani wake wa mwisho umebakiza wiki tatu tu. Akijua atapanda ndege, na akija harudi. Si unamjua?"

Kwetu hilo si jambo geni. Mtoto akiwa masomoni mbali, msiba unafichwa mpaka amalize mtihani, na tunaita huruma. Nilijua nyumba tatu zilizofanya hivyo na hakuna aliyezilaumu. Nikakubali. Jamaa wote wakakatazwa kuweka chochote mtandaoni. Simu ya mama tukaizima, nikamwandikia Kagure kwamba imeanguka kwenye maji. Mazishi tukayapanga Jumamosi.

Ijumaa jioni akanipigia.

"Wanja, niongee na mama."

"Amelala. Leo amechoka sana."

"Aki huyu mama! Wiki nzima sijasikia sauti yake. Sikia. Wenzangu wa chuo, Karwirwa na Bundi, wananivuta kesho twende Tallinn. Ni nchi ingine, tunavuka bahari saa mbili tu na meli, tunarudi Jumapili. Lakini sijui. Naona afadhali nibaki, nimpigie mama asubuhi akiamka."

Akibaki, kesho atapiga simu kutwa nzima, sisi tukiwa mazishini. Akienda, nikafikiri, huko baharini hakuna netiweki. Sisi hata ukishuka Kiambere kule bwawani simu inakufa, sembuse bahari ya Wazungu? Jinga mimi.

"Wewe, enda!" nikamwambia. "Umekuwa nyanya wa kukaa nyumbani? Mama mwenyewe amesema uende ujionee dunia."

Mama alikuwa mochari. Nilisema hivyo nikiwa nimeshika gauni lake la kumzikia, nalipiga pasi.

Kagure akacheka. "Kumbe amesema? Basi naenda."

Mambo ya safari alinisimulia Karwirwa, msichana wa Nkubu aliyekuwa akisoma naye, alipokuja likizo mwaka uliofuata. Walipanda meli asubuhi na baridi ya kukata masikio, chapati na mayai ya kuchemsha kwenye begi kwa sababu bei ya chakula cha melini ni ya kuua mtu. Meli ilikuwa kama jumba la ghorofa kumi, na mtandao ulikuwa wa bure mpaka chooni. Bure, unasikia? Bundi, kijana wa Maua mwenye maneno mengi, alianza kutapika kabla hata nchi kavu haijapotea, wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Juu kulikuwa na bendi. Wazee wa Kizungu wakamshika Kagure mkono, naye akaingia kati akacheza, mikono juu, meno yote nje. Karwirwa akampiga picha.

"Sikuwahi kumwona hivyo," Karwirwa aliniambia. "Kila wikendi alikuwa anajifungia na vitabu. Siku hiyo alisema, leo nafurahi bila kujilaumu, kwa sababu mama ndiye amenituma."

Nililia mbele ya huyo binti mgeni na chai ikapoa.

Basi, picha ikawekwa mtandaoni. Majira hayo saa zao na zetu ni sawa, kwa hiyo ilifika Kianjokoma pasta akisoma wasifu wa marehemu. Wasifu huo niliupiga chapa mimi, kwa mashine ya ofisi. Niliandika: "Kagure, ambaye hakuweza kufika kwa ajili ya mtihani." Watu walikuwa wanafuta machozi kwa hilo neno, wanamhurumia. Mara nikaona simu inapita chini ya hema, benchi hadi benchi, vichwa vinainama. Ni simu ya Rwamba, jirani yetu muuza mbolea.

"Mtihani gani huu wa kukata viuno?" nikamsikia akiuliza, wala hakunong'ona.

Hapo ndipo ningesimama. Neno moja lilitosha: hajui. Nyamu aliangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia Nyamu.

Rwamba akaandika chini ya ile picha kwamba mama anaingia kaburini na bintiye anacheza dansi, Mungu anaona. Kagure aliyasoma maneno hayo wakiwa Tallinn, wamesimama kando ya ukuta wa zamani wakitafuta mahali penye joto wale chapati zao. Kwanza alicheka. Alidhani Rwamba amekosea mtu. Halafu akanipigia.

Nilitoka nikaenda nyuma ya hema nikapokea.

"Wanja, ni kweli?"

Nilishindwa kusema uongo mwingine. "Ni kweli. Jumatatu."

Nilisikia upepo, na Karwirwa akiuliza nini, nini. Kisha Kagure akaongea polepole, kama mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika.

"Mmeshamzika? Kama bado, niweke kwenye spika. Nimwambie neno moja. Moja tu, Wanja, tafadhali."

Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, watoto huitwa mbele, kila mmoja akamwambia mzazi neno lake la mwisho kwenye maiki. Jeneza lilikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, juu ya viti viwili, bado. Ningeenda tu, nikaweka simu pale kwenye maiki, yakaisha. Lakini watu mia nne wangesikia kwamba mtoto hakuambiwa, na kwamba ni mimi niliyemtuma kwenye hiyo dansi kwa jina la mama. Niliogopa. Sina neno lingine la kujipamba nalo. Niliogopa aibu.

"Tumeshamzika," nikasema. "Tumemaliza kitambo. Pole, mdogo wangu."

Na pasta, maskini, hakujua lolote, akaita kwa spika zile kubwa, sauti ikafika mpaka barabarani: "Sasa watoto wa marehemu waje waseme neno la mwisho na mama yao kabla hatujamshusha. Wanja yuko wapi? Wanja asogee."

Kagure alisikia. Hakulia wala hakunitukana. Alikaa kwenye simu, nikimsikia anavyopumua, akingoja niende naye pale kwenye maiki.

Nikazima simu, nikaitia mkobani, nikaenda kusema langu.