Kitabu Nilichokinyamazisha

Shule niliiacha darasa la pili, na sioni haya kusema, maana duka langu la vifaa vya ujenzi pale Tala sikujengewa na mtu. Kwa hivyo mwalimu aliponiambia mjukuu wangu hajui kusoma, na kwamba asipojua kufikia shule kufungwa atarudia darasa la kwanza, nilimjibu, "Huyo hatarudia." Akacheka. Mimi sikucheka.

Sokoni, kwa wauza vichezeo vya mitumba, nikapata kitabu kinachosema. Ukibonyeza neno, kinalitamka kwa Kiingereza cha puani, kama mzungu mwenye mafua. Ukibonyeza herufi, kinatoa sauti yake. Mtoto alikipenda kuliko chakula. Betri zikichoka, nilizianika juani pamoja na mahindi zikapata nguvu kidogo, na kitabu kikaendelea kwa sauti ya mlevi.

Haikupita muda akawa anasoma kurasa zote bila kubonyeza. Mke wangu akaita majirani, wakapiga makofi. Mimi nikamwangalia mtoto macho. Hayakuwa kwenye maneno. Yalikuwa kwenye picha: akiona ng'ombe, anakariri ya ng'ombe.

Ujanja huo naujua. Rangi za dukani mimi nilikuwa nikizitambua kwa kifuniko cha mkebe. Siku kiwanda kilipobadilisha vifuniko, nilikaa kama kipofu mpaka mwanangu akatoka shule akanisomea.

Majirani walipoondoka nikatoa betri, nikazitia mfukoni, nikamfunika ng'ombe kwa kiganja.

"Soma."

"Umau, toa mkono."

"Babu yako hatoi mkono. Soma hapo chini."

Akakivuta kiganja changu. Kisha akalia.

"Wewe mzee," mke wangu akasema, "unanunua kitabu cha kusema, halafu unakikata ulimi! Ulisoma wapi, wewe wa kufundisha watu?"

"Sikusoma. Ndiyo maana najua asiyesoma anavyojificha."

Kuanzia hapo, kila jioni karibu na jiko, sheria ilikuwa hiyo. Kwanza ajaribu mwenyewe, picha imefunikwa, kitabu kimya. Akikwama kabisa, narudisha betri abonyeze herufi, si neno. Neno aliunganishe mwenyewe, kama mtu anavyopanga matofali. Alininunia. Asubuhi hakunisalimia. Nikamwambia anune, lakini anune akisoma. Nami nilikaa hapo hapo, nikiunganisha naye kimoyomoyo, ingawa hilo sikumwambia mtu.

Siku ya kupimwa nilifunga duka nikaenda naye. Mwalimu akampa kitabu ambacho hakuwa amewahi kukiona, mbuzi amechorwa juu ya ukurasa. Mtoto akaweka kiganja juu ya mbuzi.

"Mbona unafunika?" mwalimu akauliza.

"Umau anasema picha iko na mdomo sana."

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama dirishani. Mtoto akaanza, polepole, akakosea, akajirudi mwenyewe, akaendelea mpaka nukta ya mwisho. Mwalimu akafungua ukurasa mwingine, na kabla hajasema neno ule mkono mdogo ulikuwa umeshafika kwenye picha.

"Basi," akasema. "Darasa la pili."

"Nilikuambia," nikasema, nikachukua kofia yangu.