Binti Mfalme na Mistari Arobaini

Mchana ule mimi na dada yangu Chemtai tulikuwa tunagombana. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na mitatu, na ugomvi ulikuwa ule ule wa kila siku: nani amfunge ndama. Ndama akiachwa huru anamnyonya mama yake, jioni hakuna maziwa, na Mama hasikii la mtu. Chemtai alisema ni zamu yangu. Nikamwambia mikono yake haijakatika. Alicheka tu, akaendelea kusonga ugali. Dada yangu ukimjibu vibaya hakasiriki, anakungoja mpaka uone aibu mwenyewe. Mimi subira ya namna hiyo sina hata chembe.

Kwetu ni mlimani, magharibi mwa Kenya. Vita vilikuwa vimetuzunguka kwa miezi kadhaa, vijana wenye bunduki msituni upande mmoja, jeshi upande mwingine, lakini bomani kwetu vilikuwa havijafika. Milio ya risasi tuliisikia kwa mbali, na tukaendelea kupalilia.

Walikuja wanne wa msituni, ugali ukiwa bado jikoni.

Mkubwa wao tulimjua. Aliwahi kumsaidia Baba kujenga zizi. Hakupaza sauti. Alisema Baba atoe msichana mmoja wa kwenda kuwapikia kambini, na nyumba haitachomwa.

Baba alisimama akitazama chini.

Yule mtu akanitazama mimi.

Chemtai akaweka mwiko chini. Akajifuta mikono, akajifunga leso. Alipopita karibu nami akasema, "Mfunge ndama." Basi, hayo tu. Wakaingia naye kwenye mahindi.

Nilimfunga ndama.

Mama alirudi kutoka sokoni jua likiwa limeinama. Baba hakuweza kusema, kwa hiyo nilimweleza mimi. Akanishika mabega. "Amesema nini? Alipoondoka, amesema nini?" Niliutazama uso wake na nikaona siwezi kumpa neno la ndama. Nikasema, "Amesema usilie, Mama. Amesema atarudi."

Wiki chache baadaye nyumba ilichomwa hata hivyo. Jeshi likaufagia msitu, wasichana wengine wakarudi, Chemtai hakurudi. Baba alikufa bila kulitaja jina lake tena. Mama alilitaja kila siku. Watu wakimwambia amlilie mwanawe yaishe, aliwajibu, "Aliahidi." Kwa miaka kumi na minane alikaa na ahadi niliyoitunga mimi, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Sasa niko Doha, mtaa wa Abu Hamour, katika fleti ya mhandisi mmoja kutoka Serbia. Kazi yangu ni kumtunza mama yake, Bibi Stana, mwenye miaka themanini na sita. Alifundisha Kiingereza maisha yake yote, kwa hiyo tunaelewana, na kunisahihisha ndiyo starehe yake. Nampenda, ingawa ni msumbufu. Kumbukumbu inamtoka. Atakuuliza mara tatu kama amekunywa chai, na ukimwambia amekunywa atakuita mwongo. Lakini kuna utenzi mmoja wa kijijini kwao alioupokea kwa bibi yake, na huo anao wote kichwani.

Anauimba akigonga meza kwa vidole, mapigo kumi kila mstari, kisha ananieleza. Ni habari za binti mfalme wa zamani sana. Baba yake aliuawa vitani akipigana na sultani wa Kituruki, nchi ikabaki majivu na mjane. Ili vita vikome, yule binti, kitinda mimba, akatolewa awe mke wa mtoto wa sultani. Kwenye utenzi anasimama langoni na kuaga kwa mistari arobaini. Anamuaga mama, anayaaga makanisa, mito, farasi mmoja mmoja, hata mtufaha wa uani. Bibi Stana akifika kwenye mtufaha hulia, kisha huomba chai.

Nilivumilia karibu mwaka mzima. Asubuhi moja nikashindwa.

"Bibi, huyu hakusema hayo."

Akaacha kugonga. "Ati ulikuwepo?"

"Nimeshaona msichana akitolewa. Wanaume wenye silaha wako mlangoni, baba yake kageuka jiwe. Hasemi mistari arobaini. Anasema neno moja la kazi za nyumbani, anaenda."

Nilidhani ataniita mjinga. Aliuliza, "Nani?"

Nikamwambia. Leso, ndama, hata uongo wangu, ambao sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nimeshika kitana, nywele zake nusu zimesukwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipiga mkono kidogo, kama mwalimu.

"Na mimi nilidhani hupendi mashairi. Unafikiri ile mistari arobaini aliitunga nani? Yule binti hakuwa na nafasi. Waliitunga waliobaki, kwa sababu hawakustahimili alivyoondoka kimya. Wewe ulitunga mmoja tu, na mama yako ameuimba miaka kumi na minane."

"Huo ni uongo, Bibi, si utenzi."

"Binti mfalme wangu ana mtu anayemngoja? Ana mama jikoni? Amekufa zamani, mwongezee farasi unavyotaka. Mama yako yu hai." Akageuza kichwa. "Maliza nywele."

Jioni alikuwa ameshasahau. Aliniuliza kama nina ndugu wa kike. Nikamwambia ninaye, anaitwa Chemtai, akasema ni jina zuri.

Mwezi haukuisha, mke wa kaka yangu huko nyumbani akajifungua msichana. Kwetu mtoto hapewi jina ovyo. Kina mama wazee humzunguka na kuita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na jina ambalo mtoto atapigia chafya ndilo aliloitika. Aliye hai haitwi. Kaka alinipigia Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, nikitoka kanisani, kule Mesaimeer. Wazee walitaka Chemtai aitwe. Hana mtoto, hana kaburi, walisema, asipopata wa kulibeba jina atakuwa kama hakuzaliwa. Mama alikataa katakata. Huwezi kumwita aliyeahidi kurudi.

"Ongea naye," kaka alisema. "Wewe ndiye uliyemsikia mwisho."

Nilitafuta kivuli cha ukuta, watu wakinipita na nguo zao za ibada, nikampigia.

"Mama, Chemtai hakusema atarudi. Nilitunga mimi."

Nilifikiri mtandao umekatika.

"Alisema nini?"

"Alisema nimfunge ndama."

Nikasikia sauti ambayo kwanza sikuitambua. Mama alikuwa anacheka, kicheko kidogo chenye machozi ndani.

"Huyo sasa ndiye Chemtai," alisema. "Yule wa kuniambia nisilie, miaka yote hii sikumwelewa. Nilisema labda hofu ilimgeuza." Akavuta pumzi. "Umeniweka mlangoni miaka kumi na minane, wewe mtoto."

"Nisamehe, Mama."

"Ulikuwa na miaka kumi na mitatu," akasema. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikumdai. Baadaye akaongeza, "Mwambie kaka yako waite."

Waliita kesho yake asubuhi. Yaliitwa majina ya bibi zetu wawili, mtoto akalala tu. Akaitwa shangazi wa Baba, mtoto akapiga miayo. Mama mwenyewe ndiye aliyeita, "Chemtai," na mtoto akapiga chafya mara mbili. Kaka alinitumia sauti ya vigelegele. Niliisikiliza jikoni, chai ya Bibi Stana ikichemka, na nikalia kilio ambacho ningelia nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Kuna wazee ambao huvuta ugoro karibu na pua ya mtoto ili chafya ije upesi. Nilimuuliza kaka kama siku ile kuna mtu aliyekuwa na ugoro. Akaniapia kwamba hakuna hata mmoja.

Nilitamani aseme yupo, maana aliye hai haitiki.