Kitenge cha Mama Chance

Watu wa mtaa wa Buterere walimjua Lisette kwa pua kabla ya macho. Tangu alipovuka mpaka kutoka Uvira alikuwa akiuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, na harufu haikumtoka hata Jumapili kanisani. Wifi yake Consolée, aliyeishi naye, alimtania kwamba paka wote wa mtaa ni waumini wake.

Mpox, ule ugonjwa wa vipele unaoambukiza kwa kugusana, ilipoingia mjini, kila mtu alikuwa na lake. Huyu alisema ni uchawi, yule akasema ni uongo wa redio. Lisette alipoona vipele viganjani hakungoja baraza la majirani. Alimfunga mgongoni binti yake Chance, wa miezi kumi, akaenda kituo cha afya. Mtoto alipimwa, akaonekana mzima, akakabidhiwa Consolée. Lisette aliingia wodini na kitenge kitupu.

Asimguse mtoto, aliambiwa, wala asimpe nguo yake, mpaka kipele cha mwisho kianguke na ngozi mpya iote. Siku ya tano maziwa yalimjaa hadi akaegemea ukuta. Alikuwa akikikunja kile kitenge na kukipakata, akijionea haya, halafu akikipakata tena. Alimtamani mtoto wake hadi mikono ikamuuma.

Jumapili Consolée alikuja akasimama mbali, ng'ambo ya uzio, mtoto mgongoni akilia kwa sauti iliyokauka.

"Wifi, mutoto analala apana! Nipe tu ile kitenge yako, asikie harufu ya mama yake."

Lisette alikwisha kukiinua juu ya uzio mkono uliposita. Akamgeukia muuguzi Jovithe.

"Tukiichemusha, harufu itabaki?"

"Harufu itaisha, mama. Mutoto atabaki."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lisette akakishusha. Consolée aliondoka amenuna, na kile kilio kikasikika mpaka kona ya barabara.

Aliruhusiwa siku ya ishirini na saba. Kitenge kilikuwa kimechemshwa, kinanuka sabuni tu. Nyumbani alimnyooshea Chance mikono, lakini mtoto akaficha uso shingoni mwa shangazi yake na kumwita mama. Consolée mwenyewe aliona aibu, akamweka chini.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lisette alikwenda kwenye gunia lake la ndagala lililosahauliwa pembeni, akakaa sakafuni, akaanza kuchambua, maana mikono ilitaka kazi. Machozi yalidondokea samaki. Punde akasikia magoti yakijiburuta. Chance alikuwa amefika, pua juu, akinusanusa; akaikamata sketi ya mama yake na kujivuta asimame.

Lisette akairudisha mikono haraka, akaificha mgongoni, kama alivyofundishwa.

"We, wifi!" Consolée akapiga kelele, naye analia. "Ulishapona! Mubebe mutoto wako!"